Jaribio Kwanza, Jina Baadaye: Saikolojia Kidato cha Tano na Sita

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo tuko na mwalimu wa saikolojia anayefundisha vijana wa kidato cha tano na sita. Najua shule nyingi hapa Tanzania hazina somo hili kwenye ratiba. Utalikuta zaidi kwenye shule za mitaala ya kimataifa, kama Cambridge au IB, kisha vyuo vya ualimu. Ila mwalimu wa uraia au baiolojia naye anaruhusiwa kuiba mbinu. Mwalimu Issa, kipindi chako huwa kinaanzaje?

ISSA: Kinaanza na wewe, dada Rehema. Weka kalamu chini, sikiliza tu. Kitanda. Godoro. Mto. Shuka. Chandarua. Usiku. Ndoto. Kusinzia. Kukoroma. Miayo. Uchovu. Kuamka. Haya, nitajie miezi kinyumenyume.

REHEMA: Disemba, Novemba, Oktoba, Septemba, Agosti…

ISSA: Inatosha. Sasa maneno niliyosoma.

REHEMA: Kitanda, godoro, mto, chandarua, usingizi, ndoto, kukoroma… miayo. Uchovu.

ISSA: Usingizi umeutoa wapi?

REHEMA: Si umesema!

ISSA: Sikusema. Msikilizaji arudishe nyuma ahakikishe.

REHEMA: Aisee. Mimi nimekusikia kabisa, kwa sauti yako.

ISSA: Darasani wanabisha hivyohivyo, wengine wanataka kuapa. Mwanasaikolojia James Deese aliliona jambo hili mwaka 1959, halafu wenzake Roediger na McDermott wakalifufua mwaka 1995. Maneno yote yanazunguka neno moja lisilotajwa, na akili inalijaza. Lakini ukiandika "kumbukumbu za uongo" ubaoni kabla ya kusoma orodha, umeshaharibu. Wote watakaa macho. Mimi jina la nadharia nalitaja mwisho, wakishabishana vya kutosha.

REHEMA: Na kipindi kinachofuata?

ISSA: Wanatunga orodha zao. Kundi moja lilileta konda, nauli, abiria, kituo, foleni, kushusha. Neno lililofichwa ni daladala. Nyingine zinagoma kabisa, hakuna anayenaswa, na hizo ndizo nazipenda zaidi, kwa sababu inabidi wajiulize kwa nini zimegoma. Hapo unawasikia wenyewe wanaanza kuongea habari za kudhibiti jaribio, yaani kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vilevile, na mimi nimenyamaza.

REHEMA: Sasa nikuulize kama mzazi. Mtihani unataka insha. Michezo hii inamsaidiaje mtoto?

ISSA: Chukua wanasaikolojia Loftus na Palmer, mwaka 1974. Karibu kila kitabu cha saikolojia kinao. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakauliza yalikuwa na kasi gani. Swali lilibadilishwa kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi kikali kabisa walikadiria kama kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana tu, kama 51. Unajua walikuwa wangapi? Arobaini na tano.

REHEMA: Hilo ni darasa la kawaida kabisa!

ISSA: Ndiyo maana sikubali mwalimu anayelalamika kwamba darasa lake limejaa mno kwa majaribio. Kwa saikolojia wingi huo ni mali. Gawa vikaratasi vinavyofanana, ila nusu vimeandikwa "yalipogusana" na nusu "yalipobamizana". Wasijue kuna aina mbili. Kusanya, piga wastani ubaoni. Baadaye waulize kama waliona vioo vilivyovunjika. Loftus aliuliza hivyo baada ya wiki moja, katika jaribio la pili, na hakukuwa na kioo chochote. Waliopewa kitenzi kikali, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Waliopewa cha kawaida, "yalipogongana", 7 kati ya 50.

REHEMA: Na video ya ajali unaitoa wapi? Maana za mitandaoni zingine hazitazamiki.

ISSA: Usitumie ajali halisi. Huwezi kujua darasani nani amefiwa na mtu barabarani. Chukua magari ya kuchezea ya watoto, rekodi kwa simu juu ya meza, sekunde kumi zinatosha. Kasi haitakuwa ya kweli, sawa, na hiyo inakuwa hoja ya kuandika kwenye insha: je, kukadiria kasi ya kigari cha kuchezea ni sawa na kutoa ushahidi mahakamani? Sasa linganisha insha hiyo na ya yule aliyekariri "jaribio halikuwa na uhalisia". Msahihishaji anaziona tofauti.

REHEMA: Vipi ule wa rangi?

ISSA: Wa Stroop, 1935. Karatasi ya manila na maka peni za rangi nne tu. Unaandika "nyekundu" kwa wino wa kijani, wanataja rangi ya wino huku mwenzao anashika saa. Wanacheka, wanajikwaa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama itakuwa ngumu vilevile maneno yakiwa ya Kiingereza. Nikamwambia tengeneza karatasi mbili utuambie.

REHEMA: Mimi ningefanya ule wa mistari. Wa Asch. Unauliza mstari upi unalingana kwa urefu na ule wa mfano. Unapanga na wanafunzi sita wajibu uongo, wa saba anabaki peke yake, unaona kama atafuata mkumbo.

ISSA: Huo siufanyi.

REHEMA: Jamani, ni mistari tu!

ISSA: Mistari, mbele ya wenzake atakaokaa nao bwenini mwaka mzima. Huyu atapewa jina la utani mpaka amalize shule. Na kuna njia nyingine, tena ya zamani zaidi: Jenness, 1932, chupa ya maharage. Jaza maharage kwenye chupa, pitisha karatasi mbili, kila mtu aandike makadirio yake chini ya yaliyotangulia. Ya kwanza umeianzisha na namba kubwa za kubuni, ya pili ndogo. Mwisho unalinganisha wastani. Mkumbo utauona, na hakuna aliyeaibika.

REHEMA: Haya, hapo umenishinda. Na Milgram je? Watoto wanampenda huyo.

ISSA: Wanampenda kwa sababu anatisha. Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Yale, wanaume 40 waliamriwa kumpiga mtu shoti za umeme kila anapokosea jibu, na 26 kati yao wakaendelea mpaka volti 450 wakiamini wanamuumiza kweli. Hakuna aliyepigwa shoti kweli, lakini wao walitetemeka na kutokwa jasho. Hilo haliigizwi darasani, wala gereza la kuigiza la Zimbardo la 1971, vijana wakiwa askari na wafungwa, lililopangwa wiki mbili likavunjwa baada ya siku sita. Ninachofanya, nawafanya wawe kamati ya maadili. Nawapa maelezo ya jaribio bila matokeo, wapige kura: liruhusiwe au likataliwe? Wanaoruhusu waandike masharti. Kisha ndipo nawapa namba.

REHEMA: Wakishazijua, kuna wanaobadilisha kura?

ISSA: Wapo, kwa pande zote mbili. Wapo wanaosema tusingejua jambo zito hivi bila kumdanganya mtu. Nawaacha wabishane mpaka kengele.

REHEMA: Na ambaye hataki kushiriki, hata ule wa maharage?

ISSA: Anashika saa, anahesabu, anaandika matokeo. Haulizwi sababu. Na kabla hawajatoka mlangoni nawaambia wote nilichowaficha, na aliyetaka kikaratasi chake kitolewe kwenye hesabu anakichukua. Usiahirishe hilo mpaka kesho, maana kufika chakula cha mchana kidato kizima watakuwa wameshaambiana, na toleo lao litakuwa na chumvi nyingi kuliko lako.