Sauti za mchezo wa mezani: tunaunda programu yetu, kutoka Goma

Jambo ndugu zangu, karibuni kwenye video yangu. Niko Goma, mtaa wa Himbi, saa kumi na moja alfajiri. Nasema polepole kwa sababu jenereta ya jirani imenyamaza, na ukimya kama huu kwetu haukai. Mtaona muda si mrefu kwa nini ninauhitaji.

Leo tunaunda programu ya simu, inayofunguka ndani ya kivinjari, ya kupiga muziki na sauti za mandhari wakati wa michezo ya kuigiza mezani. Kwa ambaye hajawahi kuicheza: watu wanne watano wamezunguka meza, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua kama upanga umefika au umekata hewa. Dungeons & Dragons, uliofungua njia ya michezo hii, ulitoka Marekani mwaka 1974. Lakini kama uliwahi kukaa karibu na moto bibi akisimulia habari za fisi na sungura, nusu ya mchezo unaijua.

Kwa nini tusipige tu video za muziki za intaneti? Nilifanya hivyo mwaka mzima. Usiku mmoja wahusika wamefika kwenye mlango wa kaburi la mfalme, taa tumezima, mdogo wangu ameshika dadu mkono unamtetemeka. Mara simu ikalipuka na tangazo la sabuni. Tulicheka mpaka machozi, na lile kaburi halikumtisha tena mtu.

Haya, hatua ya kwanza. Funga kompyuta, chukua karatasi.

Toleo langu la kwanza lilikuwa na vidhibiti 34. Mvua peke yake, radi peke yake, upepo wa mbali, upepo wa karibu, nilijiona fundi. Kisha nikakaa kusimulia: mkono mmoja una karatasi za mazimwi, mwingine una dadu, na watu wanne wananitazama nikitafuta radi. Msimulizi ana kidole gumba kimoja cha kukupa, na jicho nusu. Kwa hiyo chora vitufe sita vikubwa, kila kimoja mandhari nzima: Ziwa, Msitu, Soko, Pango, Vita, Usiku. Chini kabisa, upana wote wa skrini, weka cha saba: Nyamaza. Hicho ndicho utakachokibonyeza kuliko vyote, kwa hiyo kisijifiche.

Hatua ya pili, kurekodi. Hapa tutakaa, kwa sababu ndipo raha ilipo.

Simu ya kawaida inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili meseji isiingie, ivike soksi nyembamba upepo usipulize kwenye maikrofoni, na kama programu yako ya kurekodi inatoa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, chagua WAV. Toka alfajiri, kabla ya pikipiki na jenereta. Na jambo moja la hapa kwetu: usiinue simu karibu na watu wenye silaha. Hakuna sauti inayostahili maelezo utakayotakiwa kuyatoa.

Anza na chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili. Subiri zile zinazoshuka kutoka Kibumba na mzigo wa mboga: mbao inalia, gurudumu linagonga makoro, mawe ya volkano. Rekodi dakika mbili. Sasa sikilizeni nikiipunguza kasi kwa nusu. Sauti imeshuka oktava nzima, na umepata lango la ngome linalofunguliwa na watumwa kumi. Halafu nenda jikoni. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakikaangwa, simu ikiwa nusu mita kutoka kwenye sufuria (mafuta hayana adabu), wanakupa mchirizo unaofanana na mvua. Upunguze kasi kidogo tu, ni moto wa kambi. Mama yangu amezoea, haulizi tena.

Mvua juu ya bati tunayo ya kutosha, lakini ina tabia mbaya: inameza maneno. Konsonanti zetu zinasikika zaidi kati ya hezi 1000 na 4000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na mvua ya bati imejaa palepale. Fungua Audacity, programu ya bure, chagua kisawazishi (equalizer), shusha eneo hilo kwa desibeli sita hivi. Mvua itabaki mvua, na msimulizi hatahitaji kupiga kelele.

Wavuvi wa sambaza nao. Wanatoka usiku na taa zao, na wakati mwingine wanaimba wakipiga kasia. Nilishuka Kituku, soko la ufukweni, nikamwomba mzee mmoja ruhusa ya kurekodi. Akaniambia, "Kijana, wimbo una wenyewe. Utafanya nao nini?" Nikamweleza mchezo, dadu, mazimwi, kila kitu. Akacheka, akaita wenzake, tukaelewana bei, na ndiyo sauti ya kitufe cha Ziwa mpaka leo. Ukirekodi watu, omba kwanza. Na uwaambie wazi kama programu itauzwa.

Sauti tusizokuwa nazo, farasi au panga za chuma, utazipata Freesound, hazina iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Soma leseni ya kila faili: CC0 ni huru kabisa, nyingine inataka umtaje aliyerekodi, nyingine inakataza biashara.

Hatua ya tatu, mizunguko. Sauti ya mandhari inajirudia, na mwisho wake lazima ushikane na mwanzo bila kukwaruza. Hapa MP3 itakusaliti. Inafunga sauti katika vipande vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1152, karibu milisekunde 26, na pasipojaa inaongeza ukimya. Utasikia kama kwikwi kila mzunguko unapoanza upya. Hifadhi kwa Ogg, aina nyingine ya faili ya sauti. Chrome ya simu za Android inaisoma vizuri.

Sasa ujanja ninaoupenda. Usitengeneze faili moja ya ziwa. Tengeneza mbili: mawimbi ya sekunde 47 na upepo wa sekunde 61. Zianze pamoja, kila moja izunguke kivyake. Zitakutana tena mwanzo kwa mwanzo baada ya sekunde 2867, yaani dakika 47 na sekunde 47. Faili mbili ndogo, na sikio halishiki marudio.

Hatua ya nne, msimbo. Tunatumia Web Audio, iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo hakuna cha kulipia. Tazama skrini: ninaunda AudioContext moja, karakana ya sauti zote, kwa programu nzima, kisha GainNode moja kwa kila mandhari. GainNode ichukulie kama bomba lenye koki: sauti inapita, wewe unafungua au unafunga. Mabomba yote yanaingia kwenye bomba kuu, nalo linaenda kwenye spika.

Ukifungua programu na kusikia kimya, usianze kuvunja msimbo wako. Chrome hairuhusu sauti kabla mtumiaji hajagusa skrini. Ita resume, amri ya kuiamsha AudioContext, ndani ya mguso wa kwanza, basi. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa hilo.

Kutoka Msitu kwenda Vita, usikate ghafla; pishanisha kwa sekunde tatu. Wengi wanashusha moja na kupandisha nyingine kwa mstari ulionyooka, na katikati kila moja iko 0.5 ya sauti yake kamili. Sikilizeni... mmesikia lile shimo? Tumia kosaini (cos) kwa inayoondoka na saini (sin) kwa inayoingia. Katikati zote mbili zinakuwa karibu 0.71, na nguvu ya jumla haishuki.

Simamisha video hapa, chukua kalamu, maana hapa ndipo programu nyingi hufa kwenye simu za bei nafuu. Faili ya Ogg ya dakika moja, kwa kilobiti 96 kwa sekunde, ni kilobaiti 720. Ndogo. Lakini ukiifungua ndani ya AudioBuffer, yaani sauti nzima kwenye kumbukumbu ya simu, kivinjari kinaitandaza yote: sampuli 44,100 kwa sekunde, baiti 4 kila moja, pande mbili, kushoto na kulia. Hizo ni baiti 352,800 kwa sekunde, karibu megabaiti 21 kwa dakika. Mandhari tano zenye muziki wa dakika tatu tatu zinafika megabaiti 317, na simu ya gigabaiti 2 itaifunga programu yako katikati ya vita. Dawa yake: muziki mrefu upitishe kwenye elementi ya kawaida ya audio, inayosoma kidogo kidogo. AudioBuffer iachie mizunguko mifupi na milio kama mlango, radi, bundi. Na mizunguko hiyo ifanye ya upande mmoja. Uzito unapungua nusu, na kwenye spika ndogo hakuna atakayejua.

Milio hiyo isipigwe kwa saa. Bundi anayelia kila sekunde 20 ni kengele ya shule. Acha programu ichague yenyewe muda kati ya sekunde 12 na 40, na kasi kati ya 0.9 na 1.1, ili kila bundi awe tofauti kidogo na mwenzake.

Hatua ya tano, ndogo lakini nisingeiruka. Ukishikilia kidole popote kwenye skrini, bomba kuu lishuke hadi 0.25 ndani ya nusu sekunde. Ukiachia, lipande polepole kwa sekunde mbili. Mhusika anapokufa, unashikilia, unasema maneno yako, unaachia. Hakuna anayeona umefanya nini.

Mwisho ni kuihifadhi simuni. Service worker, msimbo mdogo unaofanya kazi nyuma ya ukurasa, iweke faili zote mara ya kwanza, ili mchezo usile mega zako na usikatike mtandao ukikatika. Ongeza Wake Lock, amri ya kivinjari, ili skrini isizime. Chaji simu mapema, umeme tunaujua.

Sasa jaribio. Si kwenye kompyuta, hapana. Wale wanne wapo sebuleni, wamelala hapa tangu jana. Ninawaamsha. Simu iko mezani, spika chini ya kiti. Nabonyeza Ziwa... mawimbi... wale wazee wa Kituku wanaanza. Mdogo wangu anarusha dadu, macho bado hayajafunguka vizuri.

Tatu. Mtumbwi umepinduka. Nashikilia kidole.