Kusanifu kanga kwa mradi wa chuo: anza na kona ya pindo

Ndugu mtazamaji, karibu. Katika video hii nitaonyesha hatua kwa hatua namna mwanafunzi wa usanifu wa michoro anavyoweza kuandaa kanga kama mradi wake wa muhula, kuanzia penseli na karatasi hadi filamu, yaani karatasi angavu za plastiki zenye mchoro, zilizo tayari kupelekwa kwenye meza ya kuchapia. Nimechagua kanga kwa sababu humdai msanifu mambo matatu kwa mkupuo: pindo linalozunguka pande zote nne, mji wa katikati, na jina, yaani maandishi ambayo mnunuzi huyasoma kabla hajauliza bei.

Wanafunzi wengi huanza na mji, kwa kuwa ndipo penye picha ya kuvutia, kisha hugundua wakiwa wamechelewa kwamba pindo halikutani kwenye kona. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwaka wa pili, niliwasilisha mji mzuri wa maembe, na mwalimu aliyeisahihisha kazi hiyo akaweka kidole moja kwa moja kwenye kona ya chini kushoto, mahali ambapo ua lilikuwa limekatwa nusu. Kwa hiyo leo tunaanza na kona.

Hatua ya kwanza ni vipimo. Kanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Tukiipunguza mara tano tunapata mstatili wa sentimita 30 kwa 22, ambao hauenei kwenye karatasi ya A4 lakini unaenea vizuri kwenye A3. Chora mstatili huo, kisha pima sentimita 4 kutoka kila ukingo kuelekea ndani. Sehemu hiyo ndiyo pindo, na mji unabaki na sentimita 22 kwa 14. Sasa tazama namba hizo mbili kwa makini. Ukichagua ua la pindo lenye upana wa sentimita 2, litajirudia mara 11 kwenye upande mrefu na mara 7 kwenye upande mfupi, bila kukatwa popote, na kwa kuwa hesabu zote mbili ni witiri, ua moja litaangukia katikati kabisa ya kila upande. Ukichagua sentimita 3, hakuna upande utakaogawanyika, na hapo ndipo maua yangu yalipokatika.

Pembeni zimebaki kona nne za sentimita 4 kwa 4. Unaweza kukata pindo kwa mshazari wa nyuzi 45 ili pande mbili zikutane kama fremu ya picha, lakini njia hiyo inadai ua lililochorwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa mradi wa kwanza ninapendekeza uchore pambo la pekee la kona, kwa mfano ua la duara, lenye sura ileile likitazamwa kutoka upande wowote.

Hatua ya pili ni kuchora, na huhitaji kuichora kanga nzima. Ua la pindo, likiwa na ukubwa wake halisi, ni sentimita 10 kwa 20, na kona ni sentimita 20 kwa 20, hivyo kila kimoja kinaenea kwenye karatasi ya A4. Chora kwa kalamu nyeusi ya wino na usipitishe mstari wowote ulio mwembamba kuliko milimita 2, kwa sababu tutakapopunguza mara tano mstari wa milimita 1 utakuwa sehemu mbili za kumi za milimita, na wavu wa kuchapia utaumeza. Kwa mji nimetumia korosho, pambo ambalo macho ya wavaaji wa kanga yamelizoea.

Hatua ya tatu ni jina. Nimechagua methali fupi, AKIBA HAIOZI, kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi, na nimeiweka katika theluthi ya chini ya mji. Herufi zichore kwa mkono. Fonti za kompyuta huonekana kama kibandiko kilichobandikwa juu ya nguo. Vilevile usijaribu kuifafanua methali kwa picha, ukaweka kibubu na sarafu katikati ya mji. Kanga haifanyi kazi kama kielelezo cha kitabu: korosho zinaweza kukaa kimya juu ya maneno makali, na mvaaji ndiye anayejua anamwambia nani.

Hatua ya nne: skani michoro kwa nukta 300 kwa inchi, ifungue katika Inkscape, ambayo ni programu ya bure, na uigeuze kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari unaoweza kukuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Panga maua 11 na 7 kama tulivyopima, halafu weka kila rangi kwenye tabaka lake. Nimetumia nyekundu na nyeusi, na nyeupe ni ya kitambaa chenyewe, hivyo nimepata rangi tatu za kisutu, kanga ya jadi ya maharusi, kwa fremu mbili tu za wavu wa kuchapia, moja kwa kila rangi. Pale nyekundu inapopakana na nyeusi, iongeze nusu milimita iingie chini ya nyeusi, maana kitambaa huvutika wakati wa kuchapa, na bila ziada hiyo utaona ufa mweupe.

Kabla ya kwenda mbali, chapa mchoro kwenye karatasi, ukate, na uuzungushe kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Mzingo wa chupa hiyo ni kama sentimita 20, sawa na kiuno cha sentimita 100 kwa kipimo chetu. Geuza chupa uone jina limeangukia wapi. Langu lilikuwa juu mno, nikalishusha.

Hatua ya mwisho ni filamu. Chapa kila tabaka peke yake kwa rangi nyeusi tupu, hata lile la nyekundu, kwa sababu dawa iliyopakwa kwenye wavu wa fremu huwa ngumu inapopigwa na mwanga, na pale weusi unapouzuia mwanga, dawa hubaki laini na huoshwa kwa maji, ikiacha njia ya rangi kupita. Weka alama ya msalaba nje ya pembe zote nne, mahali palepale katika kila filamu, ili fremu ya pili ikae sawasawa juu ya alama za kwanza. Anza kuchapa nyekundu, iache ikauke kabisa, kisha uchape nyeusi.