Msiniambie "Wa Zamani"

Asalaam aleikum, bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Nashukuru mmekuja na jua hili.

Najua wengi mmeshanisikia nikilisema hili la kuandika habari za marehemu wetu wasisahaulike, kwenye khitma nimelisema, kwenye pantoni nimelisema, juzi harusini kijana mmoja akanivuta pembeni akaniambia mwalimu leo marehemu tuwaache wapumzike tule pilau. Nikala pilau, na nikamuuliza babu yake mzaa mama aliitwa nani. Hakujua. Ana miaka 30 na kitu, kazaliwa hapa hapa Pangani, mama yake yupo hai, na jina la babu hajui.

Kwa hiyo leo narudia, na naanza na lile kaburi.

Alipofariki baba yangu mdogo tulikwenda kuchimba asubuhi mapema, vijana wanne, sururu mbili na makoleo. Mahali penyewe palikuwa majani matupu, hakuna jiwe, hakuna kijiti, ukipaona unasema hapa hapajawahi kuguswa. Tukachimba mpaka kiunoni hivi, kijana mmoja akasema subirini, akainama, akaanza kufukua kwa mikono, na sote tukanyamaza maana tulishajua. Mifupa. Waliowahi kuchimba kwenye makaburi ya mji wa siku nyingi mnalijua hili, linatokea. Mzee akasema rudisheni udongo polepole, sogeeni huku. Tukarudisha, tukasogea hatua kama sita, tukaanza upya na jua limeshapanda.

Mimi nikauliza, huyu ni nani? Nikajibiwa, "Ah, huyo wa zamani."

Wa zamani! Yaani mtu kazaliwa, kaadhiniwa sikioni, kapewa jina, kavuka mto huu mara ngapi kwenda Bweni na kurudi, kadai na kadaiwa, kaumwa, kafa, watu wakaacha kazi zao siku tatu wakakaa matanga, halafu leo jina lake ni wa zamani. Tulikuwa wanaume zaidi ya 50 pale, wazee wa miaka 70 na kuendelea walikuwepo, hakuna hata mmoja aliyesema huenda ni fulani. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyeona ajabu.

Sasa subirini, haijaisha. Jioni ile nikapeleka ndoo za maji uani kwa kina mama, wanachambua mchele, nikawasimulia. Alikuwepo bibi mmoja mtu mzima sana, macho yalishaanza kuondoka, mchele anauchambua kwa vidole. Hata kichwa hakuinua. Akauliza, mmechimba upande wa mkwaju au upande wa njia? Nikasema wa mkwaju. Akauliza, karibu na mkwaju au mmeshuka? Nikasema tumeshuka kidogo. Akasema, basi hapo mmemgusa mkunga, na kama si yeye ni jirani yake.

Na akaanza. Mkunga huyo alitokea Mwera, aliolewa hapa na fundi mashua, watoto wawili, mmoja alipanda jahazi kwenda Unguja hakurudi tena, wa pili ndo mama yake mzazi yule mama anayekaanga mihogo pale stendi. Alikufa mwaka ule tuliokula unga wa yanga, wazee mnaujua, ule wa njano. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, na baba yako mdogo mliyemzika leo, huyo mkunga ndo aliyempokea.

Nilikaa chini. Tumemfukua aliyempokea mtu duniani, siku ile ile tunayomzika huyo aliyepokewa, na hakuna aliyejua isipokuwa mwanamke mmoja ambaye makaburini hajawahi kutia mguu kwenye mazishi, maana desturi yetu wanawake hawaendi kuzika. Sisi tunaoshika jeneza, tunaoingia kaburini, hatukujua. Yeye alijua kwa sababu matanga kwa kina mama ni siku nzima ya kuulizana, huyu kamuacha nani, dada yake yuko wapi, nani kapelekewa habari. Kule uani ndiko mji huu unakohifadhiwa jamani. Sisi kwenye mikeka barazani tunaongea mpira.

Bibi huyo naye ameshatangulia. Nilimwandika kurasa 11 tu, kila siku nikisema nitarudi wiki ijayo, nikakuta wameshaweka turubai.

Haya, sasa najua atanyanyuka mtu aniambie dini. Kila mara ananyanyuka. Atasema tumekatazwa kujengea makaburi. Sawa, nimekubali, sijasema tujenge, sijataja saruji wala marumaru hapa. Lakini ndugu yangu unayeijua hiyo hadithi unaijua na ile ya Mtume kuweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue kaburi la ndugu yake? Jiwe la kutambulia. Halafu mbona kwenye khitma kikaratasi cha majina kinapita, marehemu fulani bin fulani, imamu anasoma jina moja moja kwenye dua? Mbona hilo halijakatazwa? Ila kikaratasi kile baada ya dua kinafungiwa kashata. Mimi naomba kile kikaratasi kisitupwe, kiandikwe kwenye daftari, basi. Wenzetu kanisani wana kitabu cha ubatizo, jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, mtu anafunga safari kutoka mbali kuja kumtafuta babu yake mle na anampata. Sisi msikitini tuna kitabu cha michango ya umeme.

Tena mnakumbuka matangazo ya vifo Redio Tanzania? Wakubwa mnakumbuka. Yakianza nyumba nzima kimya, hata mtoto analia anazibwa mdomo. Bwana fulani wa Pangani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea jana, habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Muheza, fulani wa reli Tabora, fulani wa Mombasa, popote pale walipo. Ukisikiliza vizuri lile tangazo ni ukoo mzima umetandazwa kwenye ramani kwa dakika moja, nani kahamia wapi, nani kaolewa wapi, nani kaajiriwa reli. Na walikuwa wanataja jina la mtaani, "maarufu kwa jina la", maana mji mdogo mtu hajulikani kwa jina la cheti. Cheti cha kifo kinakupa jina na tarehe na sababu, hakikwambii kwamba mtu huyu ndo aliyekuwa akiita watu daku kwa debe mtaa wenu wote. Lakini tangazo la redio likishasomwa limekwenda na upepo, na yale makaratasi waliyoandikia ndugu zetu kupeleka stesheni nani aliyatunza?

Utaniambia siku hizi kuna WhatsApp. Nitakuja huko, ngoja kwanza mkonge, maana mkonge unanihusu.

Kila mtoto wa Tanga kafundishwa darasani habari ya Mjerumani Richard Hindorf na mkonge. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikapita Hamburg, ikafika huku mwaka 1893, na iliyopona ni 62, ikapandwa Kikogwe, hapo ng'ambo ya mto. Angalieni hesabu ile. Sitini na mbili, si sitini, si sitini na tano. Miche ilihesabiwa mmoja mmoja. Sasa nitajieni mtu mmoja, mmoja tu, aliyeishika ile miche kwa mkono akaitia kwenye udongo wa Kikogwe. Aliyemwagia maji. Aliyepalilia. Walikuwepo, Hindorf hakuchimba mashimo peke yake, na walikuwa na wake na watoto na pengine baadhi yao vitukuu vyao wamekaa kwenye viti hivi na hawajui.

Na baadaye ikawa hivyo hivyo kwa makubwa zaidi. Neno manamba mnajua limetoka wapi, limetoka kwenye namba. Watu walitolewa Kigoma, Songea, Ruanda na Urundi, Msumbiji, kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi nzima ya kuwakusanya, SILABU, wakifika wanapewa namba na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na kwenye kitabu cha mkoloni mtu anakuwa hiyo namba. Babu yangu mzaa baba ni mmoja wao. Alitoka Buha, huko Kigoma, akiwa kijana, akasema atakata mkonge miaka miwili anunue ng'ombe arudi, hakurudi. Alikata mkonge mpaka akahamishiwa kwenye korona, ile mashine ya kusinga mkonge, mkono mmoja ukabaki na vidole vitatu. Alizikwa huko huko shambani, na makaburi ya wakataji yalikuwa kando ya mistari ya mkonge, na shamba lilipokufa vichaka vikala kila kitu. Nimekwenda mara nne. Mara ya mwisho nilikwenda na mzee aliyekuwa nyapara, akanionesha kwa fimbo, kuanzia pale mpaka pale. Kuanzia pale mpaka pale! Hiyo ndo anwani ya babu yangu.

Na namba yake siijui, na naomba msinihurumie kwa hilo maana namba siitaki. Nataka jina la mama yake aliyebaki Buha akimsubiri, na hilo nalo sina, baba hakuuliza na mimi nilipopata akili ya kuuliza baba alishazikwa.

Tena msidhani ni sisi tu tuliozembea, maana nisiwaonee. Nendeni Bagamoyo, makaburi ya Wajerumani yapo pale ufukweni, majina yamechongwa, unasoma. Waliokufa wakibeba mizigo ya vita ya 1914 mpaka 1918 huku kwetu, wapagazi, waliachwa hivi hivi, na mwaka 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wanaweza kufika 350,000. Abushiri aliyepigana na Wajerumani tunamjua, alinyongwa hapa hapa Pangani Disemba 1889, hata wanafunzi wanajua. Waliosimama na Abushiri wakafa kabla yake? Kina mama waliowapikia? Lakini yule aliyewasahau wapagazi alikuwa mgeni. Mkunga wetu tumemsahau wenyewe.

Haya muda, naoneshwa saa. WhatsApp. Mtu akifa grupu la mtaa linajaa Inna lillahi 80 kwa saa moja, picha yake inawekwa na maua pembeni, wiki ikipita imeshafunikwa na matangazo ya vitenge, na simu ikidondoka mtoni imekwenda na marehemu wako wote. Sikatai simu. Rekodini bibi zenu sauti leo hii, lakini mkirekodi andikeni kwenye karatasi, karatasi haiishi chaji.

Kuna jambo zito zaidi nilitaka kulipa nafasi na nafasi sina, nilisemee kidogo tu. Kuna nyumba hawataki kuandikwa. Mashamba ya miwa kandokando ya mto huu yalilimwa na watumwa, na kuna familia wanajua walitoka upande gani wa lile shamba, na kuna watu mpaka leo wakigombana wanatukanana kwa hilo. Mzee mmoja aliniambia usinifukulie. Nikafunga daftari, tukanywa kahawa, sikumuuliza tena. Mwenye nyumba akisema hapana ni hapana. Miezi minane baadaye akaniita mwenyewe, akafunga mlango, akanisimulia mpaka magharibi, na akasema hili la mwisho uandike nikishakufa. Nalitunza hivyo.

Na picha za ukutani, jamani andikeni nyuma ya picha nani ni nani, kwa penseli, wino unakula picha. Nyumba nyingi nimeingia kuna picha ya watu saba na anayejulikana ni mmoja. Hilo nitalisema siku nyingine kwa kirefu.

Sasa kazi yenyewe. Hapo mlangoni kuna meza na kaunta buku mbili, moja ya huku mjini, moja ya Bweni. Kila marehemu ukurasa wake. Jina, na jina la mtaani hata kama lilikuwa la utani, familia ikiridhia. Baba yake, na mama yake, narudia na mama yake, maana kila nasaba ninayoletewa ni bin bin bin mpaka Hadramaut huko Uarabuni na hakuna mwanamke hata mmoja aliyezaa ndani yake. Alitoka wapi. Alifanya kazi gani. Watoto wako wapi. Kalala upande gani wa makaburi, na hapo vijana wa kuchimba nawategemea nyinyi. Usiyejua kusoma na kuandika wanangu wawili wa sekondari wamekaa pale na kalamu, wewe sema tu wao wataandika kama unavyosema, wasikusahihishe.

Ukurasa wa kwanza nimeshaanza, ni wa yule mkunga. Jina lake ninalo, la mumewe ninalo, Mwera nimekwenda mara mbili. Mstari wa mama yake uko wazi. Mama yetu wa mihogo amesema huyo mama mzaa mkunga, bibi wa mama yake, alikuwa anakuja huku siku za Maulidi na alikuwa na jicho moja bovu, zaidi ya hapo hakumbuki. Kwa hiyo kabla hamjatoka, kina mama mliokaa nyuma pale, hasa nyinyi wenye watu wa Mwera, kuna anayemkumbuka?