Aniceti Kitereza na Riwaya ya Ukerewe

Wazee wetu na ndugu wasikilizaji, naomba nianze na Myombekere, mhusika mkuu wa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akiwa njiani kwenda ukweni. Ndugu zake wamemsimanga mkewe, Bugonoka, kwa sababu hajazaa, na baba yake Bugonoka, kwa uchungu, amemchukua binti yake na kurudi naye nyumbani. Wengi wangemshauri mume huyu aoe mwingine, lakini yeye anakwenda kuomba radhi, anakubali kutozwa pombe ya ndizi, na anarudi kuitafuta.

Aliyeandika haya, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Machunda aliyekuwa mtawala wa Ukerewe. Alisoma kwa wamisionari wa Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto wa kubaki naye. Si haki kuigeuza riwaya kuwa habari za nyumba yake, lakini mimi siwezi kusoma kurasa za masimango yale bila kumkumbuka.

Aliimaliza riwaya hiyo mwaka 1945, kwa Kikerewe, maana alitaka vijana wa kisiwa chake wazijue mila za wazee wao kwa lugha ya wazee hao hao. Mchapishaji hakupatikana, kitabu kinene katika lugha ya watu wachache hakikuwa biashara. Ndipo, uzeeni, akaketi kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza.

Wapo wanaolalamika kwamba riwaya hii inakwenda polepole, kwamba inasimama mno kwenye dawa, kilimo, uvuvi na maamkizi. Kwangu mimi mwendo huo ndio uhodari wake, kwa sababu upendo wa Myombekere hausemwi kwa maneno matamu bali unaonekana katika kazi: katika ndizi anazoziivisha, katika majirani anaowaomba msaada, katika njia anayoirudia kwa miguu. Angeyafupisha hayo, tungebaki na mume anayedai tu kwamba anampenda mkewe.

Mkiniruhusu, nitawasomea sasa sehemu ile ya kukamua ndizi, na wale wanaojua Kikerewe wanisahihishe matamshi ya majina.