Nani Alimuuliza?

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi wanafunzi mliopanda kilima cha Bugando kwa jua hili, sitazunguka: nimekuja kusema habari za mtu kutoa mwili wake kwa chuo cha udaktari, akifa wanafunzi wajifunzie. Daktari anayempasua mama usiku wa manane ili kumwokoa yeye na mtoto, alijifunza wapi pa kupitisha kisu? Alijifunza kwenye mwili wa mtu aliyekufa. Fundi wa injini za boti hakusomea pichani, alifungua injini. Na picha haikwambii kwamba mshipa wa damu wa huyu umepita kwingine kabisa kuliko wa jirani yake.

Swali langu ni lilelile ninalouliza kila mnaponialika: mwili huo ulikuwa wa nani, na nani alimuuliza? Katika vyuo vingi vya udaktari Afrika, jibu linauma. Ni wa mtu aliyefia wodini au barabarani, mochwari wakasubiri ndugu, ndugu hawakutokea. Fikirieni kibarua aliyetoka mbali kutafuta riziki ya dagaa visiwani, akaugua, hakuna anayejua kwao. Hakuombwa, hakukubali. Sisi wenye ndugu tunatibiwa kwa elimu iliyotoka kwake, kisha tunasema kutoa mwili ni mwiko. Mbona kwake haukuwa mwiko?

Najua mnachonong'ona: viungo vitauzwa. Katika Kanda hii ya Ziwa, ambako ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, mtu ana haki ya kushtuka. Simlaumu hata kidogo. Lakini hofu hiyo ndiyo inayonifanya niwasimulie habari za Edinburgh, mji wa Uskoti, na walioisikia wanivumilie.

Mwaka 1827 mpangaji mmoja alikufa akidaiwa kodi. Mwenye nyumba, William Hare, na mwenzake William Burke wakaiuza maiti kwa shule ya anatomia, elimu ya maumbile ya mwili, ya Dk. Robert Knox, pauni 7 na shilingi 10. Hakuna aliyewabana waseme imetoka wapi. Mwaka uliofuata wakaacha kusubiri watu wafe. Waliua watu 16, wengi wao maskini. Hare akageuka shahidi, akaachiwa. Burke akanyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa. Mifupa yake iko chuo kikuu cha Edinburgh mpaka leo. Knox hakushtakiwa.

Na Bunge la Uingereza likafanya nini mwaka 1832? Likaruhusu vyuo vichukue maiti za waliofia kwenye nyumba za maskini bila ndugu wa kuwadai. Biashara ya kufukua makaburi ili kuwauzia vyuo maiti ikafa, naam, lakini mzigo ukabaki kwa maskini! Mwaka huohuo alifariki Jeremy Bentham, mwanafalsafa, ameacha wasia kwamba apasuliwe, na akapasuliwa. Yeye alisema mwenyewe. Imechukua muda mrefu mno kufika hapo: leo England, kwa sheria ya mwaka 2004, anayetoa mwili wake hutia sahihi akiwa hai, mbele ya shahidi. Mke hawezi kumtolea, mtoto hawezi. Mwili wenye karatasi, wenye jina daftarini, wenye watu watakaouliza habari zake, ni vigumu kuufanyia biashara. Anayeogopa viungo kuuzwa ndiye anayepaswa kuidai karatasi hiyo kuliko wote.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nitayapitia upesi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2301, inasema kutoa viungo bure baada ya kifo ni halali. Wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana. Mwislamu akamuulize sheikh wake. Kaburi je? Penye utaratibu mzuri, wanafunzi wakimaliza, mara nyingi baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, mabaki huzikwa au huchomwa kwa heshima. Matanga mtaweka, maziko yatachelewa.

Na chuo kinaweza kukataa. Mwili uliofanyiwa uchunguzi wa kifo, wenye homa ya ini, au ulioharibika, kama wa aliyezama ziwani akapatikana baada ya siku kadhaa, kwa kawaida haupokelewi. Kwa hiyo mwambie mkubwa wa watoto wako mambo mawili: kwamba umetoa, na utazikwa wapi wakikukataa. Mwambie mbele ya shangazi zake, maana ndio watakaosimama mlangoni siku hiyo.

Sasa anayenipinga aanze kuuliza.