Kinachoangaliwa Ni Kisu na Mafuta: Mhadhara kwa Wapishi wa Shughuli

Habari za asubuhi, ndugu wapishi.

Mteja akija kuagiza chakula cha watu 300, tumezoea kumuuliza, "Wapo wasiokula nyama?" Halafu basi. Swali hilo halitoshi, kwa sababu mtu anayeshika dini yake haishii kwenye sahani. Anataka kujua chakula kimepita wapi: kisu gani, kibao gani, mafuta gani.

Samaki ndiye anayetuponza zaidi, maana tunadhani hana ugomvi na mtu. Waislamu wengi wa pwani ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafii, na kwao pweza, ngisi na papa ni halali. Mhanafi, yaani Mwislamu wa madhehebu ya Hanafi, na hawa ni wengi kati ya wenye asili ya Bara Hindi, katika viumbe vya majini hula samaki tu. Pweza hamgusi, na kuhusu kamba wanazuoni wake wenyewe wamehitilafiana. Shia Ithnaashari, Mwislamu wa tawi la Kishia, anataka samaki mwenye magamba. Kamba anamla, lakini kambakochi na papa hapana. Kisha aje Msabato na Walawi sura ya 11: mapezi na magamba, vyote viwili. Hapo kamba anatoka, na kambare anatoka naye.

Ukitaka samaki mmoja wa kuwatosha wote hao, nunua changu au sato. Ukimchuna minofu, acha kipande cha ngozi upande mmoja. Mnofu mtupu hauna ushahidi. Mgeni hawezi kujua kama ni sato au kambare, na ana haki ya kutia shaka.

Kwa kuku, kosa hutokea kwenye haraka. Koo la hewa na umio vikatwe vyote viwili kwa kisu kikali, na mishipa ya damu ya pembeni pia, jina la Mungu likiwa limetajwa. Kisha subirini. Kijana wa kunyonyoa akimtumbukiza kuku kwenye maji ya moto angali anapapatika, hakuna tena wa kusema kafa kwa kisu au kwa maji, na Mwislamu hali chenye shaka hiyo. Ngoja atulie kabisa. Maji yawe ya nyuzi 60 hivi, si ya kuchemka, la sivyo ngozi itachanika.

Kitimoto kikipikwa katika jiko hilohilo, msijidanganye na sabuni. Kwa Mashafii chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Nani atafanya hivyo saa kumi alfajiri? Tafuteni sufuria, visu na miiko mingine, na kibao kingine. Kibao cha mbao hunywa mafuta.

Wajaini, watu wa dini ya Kihindi ya Ujaini, na wafuasi wa Swaminarayan, ambao ni Wahindu, hawali nyama, samaki wala mayai. Wala vitunguu na vitunguu saumu hawavitaki. Mjaini anayeshika sana huacha hata viazi na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi kunaua mmea mzima na vidudu vya ardhini, na hupenda kula kabla jua halijazama. Dengu zao ziungeni kwa mvuje, kile kiungo cha utomvu chenye harufu kali: nusu kijiko cha chai kwa kilo moja, utiwe kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache tu. Ukiungua huwa mchungu.

Pudini yenye jelatini iacheni, kwani hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe. Tumieni chaina grasi, yaani agari itokanayo na mwani, gramu 10 kwa lita moja ya maziwa. Ichemsheni hadi iyeyuke yote. Ikibaki nyuzinyuzi, pudini haishiki.

Wakatoliki ni wepesi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu toeni nyama, wekeni samaki.

Sasa karai. Kama mna moja tu, mpangilio ni huu: bajia za dengu zisizo na kitunguu kwanza, halafu za kitunguu, kisha samaki wa magamba, kamba, na kuku mwisho. Mafuta yakishapokea samaki hayarudi kwenye bajia, hata mkiyachuja kwa kitambaa mara tatu. Na bajia zilizokwisha kukaangwa zifunikeni, ziwe mbali na sinia la samaki, maana mhudumu akiwa na koleo moja atazichanganya tu.