Mzoga Huu Umelala Hapa Tangu Lini?

Mabibi na mabwana,

Askari wa wanyamapori anapoinama kando ya mzoga, swali la kwanza analoulizwa ni moja: mnyama huyu alikufa lini? Wanaouliza wana sababu zao. Mpelelezi anataka kujua kama gari lililoonekana Jumanne usiku linahusika. Daktari wa mifugo anataka kujua kama viungo bado vinafaa kupimwa. Mtafiti anayehesabu ndovu waliokufa anataka kujua kama kifo hiki ni cha mwaka huu au kilikwisha kuhesabiwa mwaka jana. Jioni hii nitatetea hoja moja, kwamba jibu la haki lina ncha mbili, yaani muda usiopungua kiasi fulani na muda usiozidi kiasi fulani, na kwamba ushahidi unaotupa ncha ya kwanza mara nyingi sio unaotupa ncha ya pili.

Saa za mwanzo ndizo zinazosomeka vizuri zaidi, na ndizo tunazozikuta kwa nadra. Mwili hupoa, damu hutuama upande ulio chini, misuli hukakamaa. Kukakamaa huanza saa chache baada ya kifo, hukamilika kwa takriban nusu siku, kisha mwili hulegea tena katika siku ya pili au ya tatu. Hata hivyo, mnyama aliyekimbizwa hadi akaishiwa nguvu hukakamaa mapema kuliko aliyekufa akiwa ametulia, na jua la mchana huharakisha mwendo wote. Kipimajoto nacho kina mipaka yake: nyati hapoi kwa kasi ya dikidiki, na majani yaliyo tumboni mwa mnyama anayecheua huendelea kuchacha baada ya kifo, yakitoa joto na gesi. Ndiyo maana kongoni anaweza kufura tumbo kabla ya siku moja kuisha.

Hapa sina budi kutoa onyo. Mzoga uliofura upesi, usiokakamaa inavyotarajiwa, na unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, haufai kukadiriwa umri wala kuguswa, kwa sababu hizo ni dalili za kimeta. Ukipasuliwa, bakteria wake wakipata hewa hujigeuza kuwa mbegu sugu zinazoweza kudumu ardhini kwa miongo kadhaa. Waliokuwa Nakuru mwaka 2015, kimeta kilipoua nyati wengi ndani ya mbuga, hawahitaji kukumbushwa.

Baada ya siku ya kwanza, saa yetu bora ni nzi. Nzi wa mizoga, wale wanaong'aa kijani au buluu, hutaga mayai machoni, puani, mdomoni na penye majeraha. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi au chini yake, mabuu hupitia hatua tatu za kukua, kisha mengi huuacha mzoga na kujichimbia udongoni ili yawe pupa, yaani hatua ya ganda gumu kabla ya kuwa nzi. Kwa kuwa mwendo wa ukuaji huu hutegemea joto, mtaalamu hahesabu siku peke yake, bali hujumlisha joto la kila siku lililozidi kiwango ambacho chini yake buu halikui. Tuseme kiwango hicho ni nyuzi 10, kwa ajili ya hesabu tu. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, wastani wa joto la Julai ni kama nyuzi 17, kwa hiyo buu hupata nyuzi 7 kwa siku. Lodwar, huko Turkana, ambako wastani ni kama nyuzi 29, hupata 19. Buu lenye umbo na urefu uleule linaweza kuwa limeishi muda mara mbili unusu na zaidi hapa Lang'ata, Nairobi, kuliko kule Turkana. Anayebeba jedwali la ukuaji kutoka nchi nyingine bila kupima joto la mahali alipo anabeba tarakimu tupu. Tena mabuu yakirundikana hujitia joto yenyewe, kiasi kwamba katikati ya rundo huwa na joto kuliko hewa inayolizunguka.

Lakini nzi hatuambii mnyama alikufa lini. Anatuambia yeye alifika lini. Kwa kawaida hatagi usiku, wala wakati wa mvua na baridi kali. Swala aliyekufa saa moja jioni katika Julai yetu yenye mawingu huenda asipate yai hata moja hadi saa nne asubuhi. Umri wa buu kubwa kuliko yote ni ncha ya chini, na ncha ya chini pekee. Hata hiyo inaweza kupotea. Kuna nzi aitwaye Chrysomya albiceps, ambaye mabuu yake yana vijinyama vilivyochomoza kama miiba, na ambayo yakishakua kidogo huwala mabuu ya nzi waliotangulia. Mkusanyaji anayeokota hayo tu, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa, hupata umri mfupi kuliko wa kweli. Ni lazima achimbe udongo chini na kandokando ya mzoga, kwa maana maganda matupu ya pupa hubaki hata baada ya mabuu kuondoka.

Haya yote yanachukulia kwamba mzoga uliachwa. Kundi kubwa la tumbusi linaweza kumaliza nyama laini ya swala katika muda usiofika saa moja, na fisi huja usiku kwa ajili ya mifupa. Kwa hiyo mifupa mitupu yenye damu mbichi inaweza kuwa ya leo asubuhi, ilhali mzoga mzima ulionuka ni wa wiki iliyopita. Majaribio yaliyofanywa Laikipia yalionyesha kwamba pasipo tumbusi mzoga huchukua takriban mara tatu ya muda wake wa kawaida kuisha. Tumbusi wetu wamepungua mno, wengi kwa kula nyama iliyotiwa sumu, na kwa maoni yangu uzoefu wa askari wa zamani kuhusu kasi ya mizoga kutoweka unahitaji kupimwa upya, kwa kuwa uliundwa katika nyika yenye ndege wengi.

Ncha ya juu, na wakati mwingine hata ya chini, hupatikana ardhini. Kama udongo chini ya ubavu ni mkavu na pembeni umelowa, mnyama alitangulia mvua. Kama amelalia tope lililokuwa laini alipoanguka, mvua ilimtangulia. Katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, penye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, alama hizi husomeka vizuri, mradi rekodi ya mvua itolewe kwenye kituo cha karibu, kwani mvua ya Karen haina habari na Embakasi. Nyasi zilizofunikwa hupauka, majimaji ya kuoza huziua, na baadaye mahali hapo huota nyasi zenye kijani kilichokolea.

Doa hilo ndilo linalotafutwa na wanaohesabu mizoga ya ndovu kutoka angani. Wao hutumia madaraja mapana manne: mzoga mbichi (wa wiki chache); wa karibuni (usiozidi mwaka hivi, wenye ngozi na doa bado); mzee (uliobaki mifupa huku mimea ikirudi); na mzee sana (mifupa ikiwa ya kijivu na yenye nyufa). Watu hudharau upana huo. Mimi nauona kuwa uaminifu.

Kwa mifupa yenyewe, kipimo kinachotumika duniani kote kilizaliwa Amboseli. Mwaka 1978 mtafiti Anna Behrensmeyer alichapisha hatua sita, kuanzia sifuri hadi tano, kutoka mfupa wenye mafuta usio na ufa hadi ule unaovunjikavunjika papo hapo. Hatua ya sifuri haizidi mwaka mmoja hivi. Ya pili ni kati ya miaka 2 na 6. Kuanzia ya tatu mipaka huingiliana, na inaweza kupita miaka 15. Ni kipimo cha wanyama wenye uzito unaozidi kilo 5, na mfupa uliozikwa au uliokaa kivulini huchelewa. Mirija inayochomoza kwenye pembe za nyati, ambayo wageni hudhani ni mizizi, ni kazi ya mabuu ya nondo walao pembe, na haina msaada mkubwa katika tarehe. Fuvu lipigwe picha na kuachwa palepale, kwani Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumiliki nyara bila kibali.

Ipo njia moja isiyotegemea mvua wala nzi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, hewani karibu maradufu, na tangu hapo kiwango kimekuwa kikishuka kwa mwendo unaojulikana. Pembe ya ndovu huongeza tabaka jipya ndani ya shina lake hadi siku anayokufa, kwa hiyo tabaka la mwisho hubeba alama ya mwaka wa kifo. Mtafiti Thure Cerling na wenzake walipima shehena 14 kubwa za pembe zilizokamatwa kati ya 2002 na 2014. Takriban asilimia 90 ya sampuli zilitoka kwa ndovu waliokufa chini ya miaka 3 kabla ya kukamatwa kwake, na dai kwamba shehena hizo zilikuwa akiba za zamani zilizovuja kutoka maghalani likakosa pa kushika.